Mtoto Haongezeki Uzito: Tuanze na Mzani Kabla ya Matone

Uwe Nachingwea mjini, Naipanga, Ruponda au kule Kilimarondo, uwe Ruangwa, Mbekenyera, Nkowe au Chinongwe, nakuomba unipe sikio. Mazungumzo ya leo ni ya mtoto mchanga asiyeongezeka uzito. Yanamhusu mama yake, lakini baba usiinuke, na wewe bibi naomba uongeze sauti ya redio, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi mwenye kauli ya kwanza juu ya kichanga ni wewe.

Mama anatoka kliniki na kadi mkononi. Muuguzi amemwambia kwamba mtoto wake wa miezi mitatu yuko palepale alipokuwa mwezi uliopita. Njiani anapita duka la dawa muhimu na kuuliza: "Hamna dawa ya kumwongezea mtoto uzito?" Swali hilo ni la haki kabisa, ni swali la mzazi mwenye hofu. Zamani angepewa vitamini au dawa ya kufungua hamu ya kula. Siku hizi, katika maduka ya mijini na katika matangazo yanayozunguka kwenye simu, limeingia jibu jipya: probayotiki. Ni unga kwenye pakiti ndogo au matone kwenye kichupa, ndani yake mna bakteria hai wanaosifiwa kulinda tumbo la mtoto na kumnenepesha. Ndugu aliye Dar es Salaam anatuma kichupa kwa basi, na kina mama wa kijiji kizima wanataka kujua kinapatikana wapi.

Sitawadharau waliobuni dawa hizo, maana wazo lenyewe si la kitapeli. Utumbo wa mtoto anayenyonya ni makazi ya bakteria wengi mno, na wengine ni walinzi wake. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambayo mtoto hawezi kabisa kuiyeyusha tumboni mwake. Wanasayansi walijiuliza kwa miaka mingi: Mungu aliiweka ya nini, na kwa wingi kiasi hicho, ikiwa ya tatu kwa wingi katika vitu vigumu vya maziwa hayo baada ya laktosi na mafuta? Jibu likapatikana kwamba sukari ile ni chakula cha bakteria. Yuko mmoja hasa, anaitwa Bifidobacterium infantis, anayeila kwa ustadi kuliko wenzake. Akishiba huzalisha asidi, na asidi hiyo huwazuia vijidudu wa kuharisha wasipate nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo mama anaponyonyesha hamlishi mtoto peke yake. Analisha na jeshi linalomlinda.

Sasa sikiliza hili, maana linatuhusu Watanzania moja kwa moja. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, juu ya matumbo ya watoto wachanga wa Kihadza, wale majirani wa Ziwa Eyasi. Bakteria huyo niliyemtaja alikuwa wa kawaida sana kwa watoto wa Kihadza, wakati kwa watoto wa nchi tajiri za viwanda amekuwa adimu. Huko kuna upasuaji mwingi wa kuzalisha, dawa nyingi za antibiotiki na maziwa mengi ya kopo. Ndiyo maana viwanda vya huko vinamkuza maabara na kumuuza katika vichupa. Wanajaribu kurudisha kilichopotea. Mtoto wa Ruangwa aliyezaliwa kwa njia ya kawaida, akawekwa kifuani kwa mama yake saa ileile na kunyonya bila kuchanganyiwa kitu, ana kila sababu ya kuwa naye tayari, bila shilingi kutoka mfukoni.

Je, kuna mtoto ambaye matone hayo yanaweza kumfaa? Naam, na haki inataka tuseme hivyo. Mwaka huohuo wa 2022 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Dhaka, Bangladesh, kwa watoto 62 wa umri wa miezi miwili hadi sita wenye utapiamlo mkali. Hawa walikuwa wamelazwa hospitali na kupewa antibiotiki, na antibiotiki, pamoja na kuokoa maisha, huua mbaya na mzuri bila kubagua. Baada ya matibabu hayo wakapewa kipimo cha bakteria huyo kila siku kwa siku 28. Waliopewa waliongezeka uzito kuliko wenzao waliopewa unga usio na bakteria. Hiyo ni habari ya kutia moyo. Lakini angalia ni watoto gani: walikuwa wametoka kuugua sana, walitibiwa hospitalini, na idadi yao ni ndogo. Hawakuwa watoto waliopitishwa dukani.

Kabla ya Dhaka kulikuwa na Blantyre, hapo Malawi, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa. Madaktari wa hospitali ya Queen Elizabeth waliwachukua watoto 795 wenye utapiamlo mkali, wengi wakubwa kidogo kuliko tunaowazungumzia leo, wakawapa chakula dawa cha karanga. Nusu yao chakula chao kilichanganywa na bakteria wa aina kadhaa pamoja na nyuzinyuzi za kuwalisha. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet: waliopona miongoni mwa waliopewa bakteria walikuwa asilimia 53.9, na miongoni mwa wasiopewa asilimia 51.3. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na watafiti wenyewe walisema mchanganyiko ule haukuboresha uponaji. Na yako matokeo ya Odisha, India, ya mwaka 2017, yaliyohusu watoto zaidi ya 4,500. Kule bakteria wa aina nyingine, waliotolewa kwa siku saba tu mwanzoni mwa maisha, walipunguza sana maambukizi makali ya damu. Ni ushindi mkubwa, ila waliopewa walikuwa watoto waliozaliwa na afya, na lililotafutwa halikuwa kilo.

Unaona basi, mama, neno probayotiki halisemi kitu kimoja. Bakteria wa Dhaka si wa Blantyre, na wa Blantyre si wa Odisha. Kichupa cha dukani kinaweza kuwa na aina ya nne iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima wenye gesi tumboni. Tena bakteria hao wanatakiwa wafike wakiwa hai. Kichupa kilichosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, kikakaa juu ya rafu kwenye joto letu la Oktoba na Novemba, nani atakuhakikishia kwamba ndani bado mna uhai? Na unga ule utaukoroga na nini? Ukiukoroga na maji ya kisima umemwingizia mtoto wa miezi miwili kitu ambacho kabla ya hapo hakuwa nacho: vijidudu vya maji. Umelipia kuharisha.

Kwa mtoto njiti hatari ni kubwa zaidi. Oktoba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa bidhaa ya aina hii hospitalini kupata maambukizi ya damu kutokana na bakteria yuleyule wa kwenye bidhaa, na akafariki. Ngozi ya utumbo wa njiti ni laini mno, na rafiki anaweza kuvuka mpaka akawa adui. Shirika la Afya Duniani linawaruhusu madaktari kuzifikiria dawa hizi kwa njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaopata maziwa ya mama, na huko kufikiria ni kazi ya daktari aliye na wodi, vipimo na watu wa kumwangalia mtoto usiku kucha. Jirani mwenye nia njema hawezi kufanya kazi hiyo, hata kama mwanawe alinenepa.

Basi turudi kwenye mzani, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Mtoto akizaliwa hupungua kidogo siku za mwanzo, na hilo lisikutishe. Kufikia wiki mbili anapaswa awe ameurudia uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo, kwa miezi mitatu ya mwanzo, huongeza wastani wa gramu 25 hadi 30 kwa siku, na kwenye miezi mitano au sita uzito wa kuzaliwa unakuwa umejirudia mara mbili. Lakini yupo mtoto aliyezaliwa na kilo mbili na robo ambaye mstari wake kwenye kadi uko chini ya wenzake na kila mwezi unapanda. Huyo ni mdogo, si mgonjwa, mwacheni anyonye. Yupo pia aliyezaliwa na kilo tatu na nusu, mnene, majirani wanamsifu, na mstari wake umelala kwa miezi miwili. Huyo wa pili ndiye wa kumkimbiza zahanati. Kupima mara moja hakutoshi kusema lolote, ndiyo maana kuruka kliniki miezi mitatu kwa sababu ya palizi au ubanguaji wa korosho ni kujifunga macho.

Mstari ukilala, swali la kwanza liwe: kwa nini? Huenda mtoto hakamati titi vizuri, anashika chuchu tu, ananyonya saa nzima na kupata kidogo huku mama akipasuka chuchu. Jambo hilo muuguzi mwenye subira hulirekebisha kwa kumkalisha mama vizuri na kumwelekeza mtoto akamate na sehemu nyeusi ya titi. Huenda ananyonya mara tano kwa siku wakati mchanga anahitaji mara nane hadi 12, usiku ukiwamo. Huenda anahamishwa titi kabla hajamaliza la kwanza, akakosa maziwa ya mwisho yenye mafuta mengi. Huenda ana malaria, na mikoa yetu ya kusini tunaijua malaria. Au mama aliugua malaria akiwa mjamzito na mtoto akazaliwa mwepesi. Huenda ni kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, tundu kwenye moyo, au utando chini ya ulimi. Huenda pia mama mwenyewe hali mlo wa kutosha. Hakuna kichupa kimoja kinachoweza kujibu yote hayo, na kila wiki inayopita tukisubiri matone yafanye kazi ni wiki ambayo ugonjwa wenyewe unaendelea.

Bibi, sasa zamu yako. Najua mtoto akilia sana usiku utasema ni mchango, na iko mizizi ya kuchemsha. Najua utasema maziwa ya siku za kwanza, yale ya njano, ni machafu, na kwamba mtoto wa miezi mitatu ana njaa, apewe uji mwepesi. Unasema kwa mapenzi. Lakini maziwa yale ya njano ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote yatakayofuata, na tumbo la mtoto huyo lina jeshi lile nililolieleza, ambalo chakula chake ni maziwa ya mama. Kila kijiko cha maji ya mizizi kinajaza nafasi ya maziwa. Kwa mtoto mwepesi nafasi hiyo ni ya thamani kubwa. Naomba miezi sita ya kwanza iwe maziwa ya mama tu. Dawa aliyoandika mganga wa zahanati, hiyo apewe.

Na kuna neno moja linaloumiza kuliko mengine. Mtoto akikonda, watu wananong'ona: amebemendwa. Maana yake wazazi wamekutana mapema mno, au mmoja wao ametoka nje, na mtoto ndiye anayelipa. Mama akishasikia hivyo anaona aibu kwenda kliniki, kwa sababu kila jicho pale kwenye benchi linamhukumu. Nimekerwa na jambo hili kwa muda mrefu. Wazee walikuwa na hoja katika kuacha nafasi kati ya uzazi na uzazi, kwa kuwa mimba ya haraka humchosha mama na kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, na leo hoja hiyo inatimizwa kwa uzazi wa mpango. Ila kumwambia mama mwenye mtoto anayekonda kwamba amemdhuru kwa dhambi yake ni kumfungia mlango wa matibabu. Mtoto ana malaria, nyinyi mnamsaka hawara.

Baba, zamu yako. Msimu wa kulima ukianza, familia nyingi huku kwetu zinahamia mashambani, mbali na zahanati. Mama anapalilia ufuta kutwa, mtoto yuko chini ya mkorosho na dada yake wa miaka saba. Mtoto akilia, dada anambembeleza. Kumbe alitakiwa anyonye. Anayekula muda wa kunyonya wa mtoto huyu ni jembe. Ukimpunguzia mama palizi kwa miezi sita, ukachota maji wewe au ukalipa kibarua, umefanya kazi ambayo hakuna kiwanda kilichoiweka kwenye kichupa. Na kama lazima aende, ajifunze kukamua maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ya chuchu ya plastiki ni ngumu kuiosha na ni rahisi kuharisha nayo.

Kwa mtoto aliyezaliwa mwepesi mno tunayo tiba yenye ushahidi mzito, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouleta. Ni ile ya kumlaza mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, tunayoiita kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Jaribio la nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kupitia Muhimbili, lilichukua zaidi ya watoto 3,200 wenye uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8, na matokeo yake yakatoka mwaka 2021. Kwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Kwa waliosubirishwa walikuwa asilimia 15.7. Kifua cha mama kinampa joto mtoto, kinalinda nguvu zake zisiishe kwa baridi, kinamweka karibu na titi, na kinampa bakteria wa mama yake badala ya wa wodi. Hata baba anaweza kumbeba hivyo mama akipumzika.

Wilaya zetu hizi zimefanyiwa utafiti mwingi. Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa London walipita vijiji vya Lindi na Mtwara na mradi wa INSIST, wakawapa mafunzo kina mama wa kujitolea watembelee nyumba za wajawazito na waliojifungua. Walijaribu hata kutumia urefu wa unyayo, kwamba unyayo usiofika sentimita 8 ni ishara ya mtoto mdogo wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mzani haupo kila nyumba. Ziara zile zilisaidia watoto kunyonya ipasavyo siku za mwanzo. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana, na funzo nililolipata mimi hapo ni kwamba ushauri wa nyumbani bila zahanati yenye uwezo unafika nusu ya njia.

Mtoto akitimiza miezi sita mambo yanabadilika, na hapo ndipo probayotiki ya kwetu inapopata nafasi yake. Nazungumzia togwa, ule uji wetu uliochachushwa kwa kimea. Miaka ya 1990 Willbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1973, alishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden kuwafuatilia watoto wa Kitanzania waliolishwa uji uliochachushwa, wakaonekana kuharisha mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Uchachu ule unawazuia vijidudu wabaya. Na kimea cha mtama au ulezi kina kazi ya pili: unga unaweza kuwa mwingi na uji ukabaki mwepesi wa kumezeka, kwa hiyo katika tumbo dogo inaingia nguvu nyingi. Kule Mabatini, Mwanza, tangu mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane wamekuwa wakitengeneza mtindi wenye bakteria wa faida kwa kushirikiana na chuo kikuu kimoja cha Canada. Huku kwetu ng'ombe walikuwa wachache, ila tangu wafugaji waje kutoka Usangu mtindi unapatikana. Ninachosisitiza ni maji ya kuchemshwa, chombo safi, na togwa ya siku ya kwanza, kabla haijaanza kulewesha.

Togwa peke yake haina mafuta wala protini ya kutosha, kwa hiyo iongezewe karanga zilizosagwa laini, au ufuta, au korosho, au unga wa mbaazi, na yai likipatikana. Nachingwea ndiyo ile ardhi ambayo Waingereza kuanzia mwaka 1947 waliifyeka kwa matrekta walime karanga za kukamua mafuta ya kupeleka kwao. Mpango ukaanguka mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Karanga ileile baadaye, mwaka 1996, Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, waliitumia kutengeneza chakula dawa kinachowaokoa watoto wenye utapiamlo mkali dunia nzima. Inaota uani kwako. Chambua tu na utupe punje zilizoota ukungu au kusinyaa, maana sumukuvu ya ukungu huo inadumaza mtoto na kuchacha hakuiondoi; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 12 wana uzito pungufu. Desemba 2017 serikali ilisaini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa, na kila halmashauri ikatakiwa itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo. Fedha hiyo ni ya watoto wa Nachingwea na Ruangwa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofika, mwenyekiti, mtendaji na diwani wanakuwapo. Waulizeni imetumika wapi. Waulizeni mzani wa zahanati yenu ulikaguliwa lini, na ni nani pale mwenye muda wa kukaa na mama nusu saa, akamtazama anavyonyonyesha.